Wauza vichwa vya treni za mvuke za modeli, acheni kutudanganya kuhusu milima!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuificha. Nimedunduliza hela miezi minne nikaagiza nje kichwa cha treni ya mvuke, skeli 1:87 (kidogo mara 87 kuliko cha kweli), aina ya 4-6-2, yaani magurudumu manne madogo mbele, sita ya kuvuta katikati, mawili madogo nyuma. Kabla sijalipa nilimwandikia muuzaji waziwazi: reli yangu ina mwinuko wa asilimia 4, nataka kivute mabehewa sita ya abiria. Akajibu neno moja, "kitapanda". Nikalipa, nikalipa na ushuru. Kimefika, na mabehewa sita kinaishia katikati ya mlima, magurudumu yanazunguka palepale kama daladala kwenye tope. Nikiondoa mawili kinajikongoja hadi juu. Nimelalamika, naambiwa reli zangu chafu. Nimezifuta kwa spiriti mara tatu!

Basi nikachukua mizani ya jikoni. Kichwa na behewa lake la makaa ni gramu 400. Lakini uzito unaokalia yale magurudumu sita yenye mota ni gramu 220 tu, mwingine wote umebebwa na vigurudumu visivyovuta chochote. Chuma juu ya chuma hushika kwa takriban robo ya uzito, kwa hiyo mvuto wangu ni gramu 55. Kwenye asilimia 4, gramu 16 zinaishia kukipandisha kichwa chenyewe. Zinabaki 39. Mabehewa sita yana gramu 780: mlima unadai 31, msuguano wa ekseli karibu 20. Jumla 51, na mimi nimebakiwa na 39. Hesabu ya darasa la saba hii, na muuzaji angeifanya kabla ya kuchukua hela yangu!

Boksi lina picha, rangi, urefu, kona ndogo kabisa inayopitika, hata sauti ya filimbi. Uzito juu ya magurudumu ya mota, hakuna. Mvuto, hakuna. Hata kama magurudumu yana pete za mpira za kuongeza mshiko hawasemi (nazo zina gharama yake, maana gurudumu lenye mpira halichukui umeme kwenye reli).

Marehemu baba alikuwa fundi karakana ya Nairobi enzi za Reli za Afrika Mashariki, nimekua nikisikia habari za Garratt daraja la 59, vichwa vikubwa vya mvuke vyenye seti mbili za magurudumu ya kuvuta, mbele na nyuma ya boila. Kutoka baharini Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, mwinuko mkali uliopangiwa mizigo ulikuwa asilimia 1.5, na bado waliagiza kwa kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, 1955 na 1956, mashine 34 zenye magurudumu 16 ya kuvuta kila moja. Maji na mafuta yaliwekwa juu ya magurudumu hayo, uzito wake ukasaidia kushika reli. Wakata magogo wa Marekani, kwenye miinuko mikali zaidi, walitumia Shay, kichwa cha mvuke ambacho kila gurudumu linaendeshwa kwa gia. Watu wa reli waliangalia uzito umekaa wapi. Sisi tunauziwa rangi.

Mimi nataka hela yangu, na nauli ya kukirudisha ilipwe na aliyesema kitapanda.

Na nyie wadau, mwenye Shay, Garratt au chochote cha 1:87 akiweke kwenye mizani, aandike hapa: gramu ngapi juu ya magurudumu ya mota, mabehewa mangapi, mwinuko asilimia ngapi. Changu nimeshaandika.