Mjadala: Tuongeze mstari kwenye faili la seva, au tulimiliki faili zima?

Mleta mada:
Wakuu, juzi kazini tumevutana karibu saa nzima kuhusu Ansible, programu ya kupanga seva nyingi kwa pamoja. Mwenzangu anasema ukitaka kubadili mpangilio mmoja tu, tumia lineinfile, moduli yake ya kuhariri mstari mmoja: gusa mstari unaokuhusu, mingine iache ulivyoikuta. Mimi nakataa. Ama uandike faili zima kwa kiolezo (template), ama uweke faili dogo la kwako pembeni.

Nilifundishwa na yaliyonikuta. Tulitaka kumzuia root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, asiingie kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), tukaongeza "PermitRootLogin no" mwishoni mwa sshd_config, faili la mipangilio ya SSH, kwenye seva zote. Ansible ikaripoti kazi imekwisha. Siku ya ukaguzi, root anaingia kama kawaida! sshd, programu ya SSH upande wa seva, hushika thamani ya kwanza inayoikuta, na huko juu mtu alishaandika "yes" kwa mkono. Seva nyingine zilikuwa na sehemu ya Match mwishoni, yaani mipangilio ya watumiaji fulani tu. Huko mstari wetu ukamezwa na Match, ukawahusu watumiaji wachache tu.

Mtasema niweke regexp, ruwaza ya kutafuta mstari uliopo ili ubadilishwe. Sawa, lakini mistari inayolingana ikiwa 2, lineinfile hubadilisha wa mwisho peke yake, wakati sshd inautii wa kwanza. Ukihamia sudoers, faili la nani aruhusiwe amri za root, mambo yanageuka: kanuni ya mwisho inayolingana ndiyo hushinda. Kwa hiyo anayechomeka mistari lazima ajue desturi ya kila programu, na wengi wetu hatuijui. Wanaotumia "echo >>", amri ya kubandika mstari mwishoni mwa faili, ndiyo kabisa, kila wakiendesha mstari unaongezeka.

Mchangiaji:
Mkuu, kiolezo nacho kina madhara. Toleo jipya la distro (mfumo wa Linux kama Debian) linakuja na mipangilio mipya, wewe unalifunika kwa kiolezo cha miaka 3 iliyopita. Timu ya usalama nao waliongeza mistari yao, umeifuta bila hata kuwaambia.

Mleta mada:
Hapo umenishika, nakubali. Ndiyo maana panapowezekana nachagua saraka za .d, ambamo unaweka faili dogo la kwako bila kugusa faili kuu. OpenSSH, programu yenye sshd hiyo, ilipata Include (agizo la kusoma mafaili mengine) kwa sshd_config kwenye toleo 8.2, mwaka 2020, na Debian na Ubuntu huiweka juu ya sshd_config, hivyo faili lako husomwa mapema. Ila angalia jina, maana mafaili hayo husomwa kwa mpangilio wa majina. Seva za wingu mara nyingi zina 50-cloud-init.conf, na ndani yake unaweza kukuta "PasswordAuthentication yes". Ukiliita lako 99, umeshachelewa; lipe 10.

Halafu weka validate, ukaguzi wa Ansible kabla ya kuweka faili, ili faili bovu lisichukue nafasi ya lililopo, na ukimaliza endesha sshd -T ikuonyeshe sshd yenyewe imeelewa nini. Kwangu huo ndio ushahidi, "ok" ya Ansible haitoshi. Wanaotetea lineinfile, nyinyi mnathibitishaje?