Mwanangu wa miaka 16 ametoroka kwa mara ya tatu, na nimekuta vitu chini ya godoro lake

Mama wa Mbagala

Wazazi wenzangu, naomba ushauri. Mwanangu wa pili yuko kidato cha tatu. Jumanne iliyopita aliaga kwamba anakwenda shule, na leo ni siku ya sita hajarudi. Mara mbili za mwanzo alirudi mwenyewe baada ya siku mbili tatu, akalala kutwa nzima na kuamka akiwa mkali. Safari hii simu ya mjomba wake, aliyefikia kwetu, imepotea siku hiyohiyo.

Nilipotoa godoro lake kulianika, nilikuta vipande vitano vya ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, vimenyooshwa kama vilivyopigwa pasi, kila kimoja kina mstari mweusi unaoteremka katikati kama njia ya konokono. Palikuwa pia na ganda la kalamu lililoungua upande mmoja. Baba yake anasema ni bangi tu, jirani anasema ni unga, yaani heroini. Mwezi uliopita alitokwa kamasi na machozi, akapiga miayo mfululizo, akaharisha na kulalamikia viungo. Nikampeleka kupima malaria, haikuonekana, nikampa dawa ya mafua.

Baba yake anataka akipatikana tumfungie chumbani hadi sumu imtoke, kisha apelekwe kwa babu yake Singida. Kaka yangu anataka akamatwe, alale mahabusu, apate adabu. Mimi nataka kwanza arudi akiwa hai. Nianzie wapi?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, mdogo wangu. Bangi haivutwi kwenye karatasi ya namna hiyo. Mstari mweusi ni alama inayoachwa na unga unapochomwa kwa chini huku moshi ukifuatwa kwa bomba. Hata hivyo usimhukumu kwa karatasi peke yake, kwa sababu huenda anamfichia mwenzake, na kipimo cha mkojo hospitalini ndicho kitakachosema, tena kifanyike kwa ridhaa yake. Ile "malaria" ya mwezi uliopita inafanana sana na arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea unga ukiukosa, ambayo huanza saa kadhaa baada ya kukosa dozi, huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja hivi. Aliyekwisha kuvuta, kinyume chake, husinzia akiwa ameketi, hujikunakuna, na mboni za macho yake husinyaa hata gizani.

Hilo la kumfungia na kumpeleka Singida ndilo linalonitisha kuliko yote. Mwili ukikaa wiki tatu bila unga husahau kuustahimili; kijana akirudi mjini akavuta kiasi kilekile alichozoea, anaweza kuacha kupumua. Nimewapokea wa namna hiyo zaidi ya mara moja, na ndugu waliowaleta walikuwa wakisema, "Lakini alikuwa ameshaacha." Mkimkuta anakoroma isivyo kawaida, hazinduki na anapumua kwa nadra, mlazeni ubavu na kumkimbiza hospitali, na msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, kwani atapaliwa.

Leo hii nenda kituo cha polisi ukaombe dawati la jinsia na watoto, uripoti kwamba mtoto amepotea. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na huko unakwenda kumtafuta, si kumshtaki. Namba 116 ya huduma kwa watoto hupigwa bure. Tiba ya methadone, dawa inayotolewa hospitalini badala ya unga, ilianza Muhimbili mwaka 2011, baadaye ikafika Mwananyamala na Temeke, ambako ni karibu na kwako, na hutolewa bila malipo. Iwapo inamfaa mtoto wa umri wake, au aanze na ushauri nasaha, ataamua daktari baada ya kumwona.

Baba wa Watoto Watano

Nakubaliana na Dada Muuguzi, ila upole usiwe wa kumwachia nyumba. Akirudi, msimpe fedha taslimu mkononi, hata nauli, msindikizeni. Fungieni simu na pasi. Wadogo zake waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao, maana nyumbani kwangu tulificha, na mdogo ndiye aliyekuwa akitumwa kupeleka vitu kijiweni bila kujua anabeba nini.

Niliyepata Nafuu Tanga

Shikamoo, Mama. Nilikula unga miaka saba, na nilitoroka nyumbani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mara nyingi sikukaa nje kwa ajili ya unga pekee. Nilikuwa nimeuza redio ya baba, nilidaiwa kete za unga kijiweni, na niliogopa kwamba nikionekana mtaani mtu angepiga kelele za mwizi na nisingefika mlangoni. Hiyo simu ya mjomba huenda ndiyo inayomzuia mwanao. Mjomba atamke kwamba ameisamehe, na neno hilo limfikie kijana kabla ya neno lolote kuhusu dawa.

Kwangu alikuwa akija dada yangu, maskani ya nyuma ya stendi, kila Ijumaa. Hakunihubiria hata siku moja. Alinieleza kwamba paa linavuja upande wa jikoni, kwamba paka amezaa watatu, kisha anaondoka. Siku nilipochoka nilijua nyumba bado ipo na jinsi ya kuingia. Kuhusu mahabusu, Mama, niliwahi kulala humo, na nilichopata ni majina ya wauzaji wawili ambao sikuwajua.

Mama wa Mbagala

Nimeripoti. Rafiki yake amempelekea maneno ya mjomba, na jana saa nne usiku alinipigia kwa namba ngeni, akauliza kama baba yake yupo. Nilimwambia yupo na hatamuuliza kitu usiku huo. Akauliza geti linafungwa saa ngapi. Dada Muuguzi, akifika usiku akiwa na arosto, nimpe nini mpaka kuche?

Muuguzi Mstaafu

Maji ya ORS kidogo kidogo, uji mwepesi akiutaka, paracetamol kwa maumivu, na blanketi, kwani atasikia baridi hata kwenye joto la Dar. Usimpe dawa ya usingizi ya aina yoyote. Kaa karibu naye, mlango ukiwa wazi, na asubuhi mwende Temeke pamoja.