The Downward Spiral ya Nine Inch Nails: kelele zao zinasikika vizuri, kwa nini zangu zinakuwa uji?

Giza_na_Kinanda:

Wakuu salaam. Naandaa albamu ya nyimbo 9 juu ya mtu mmoja tu: aliumizwa utotoni, kakua anajichukia. Kipimo changu ni The Downward Spiral (1994), albamu ya bendi ya Nine Inch Nails. Maswali matatu:

1. Nikiweka distosheni (kuichana sauti kwa makusudi) kwenye traki nne za gitaa napata uji, maneno hayasikiki. Wao wamejaza kelele kuliko mimi na kila kitu kiko wazi. Wanafanyaje?
2. Wimbo wao wa March of the Pigs unahesabiwaje? Metronomu inanikimbia.
3. Nyimbo 14 zimekuwaje hadithi moja bila msimulizi?

Vifaa: Reaper (programu ya kurekodi), kadi ya sauti yenye maingizo mawili, gitaa moja, maiki moja ya kondensa.

FundiWaMawimbi:

Naanza na la 1, maana ndilo linaloua rekodi nyingi za aina hii.

Uji hauletwi na wingi wa distosheni. Unaletwa na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nene inayoingia kwenye distosheni. Ukipiga kodi ya nyuzi sita, distosheni haiishii kuongeza harmoniki (masafa ya juu yanayofuatana na noti) za kila noti. Inazalisha pia masafa mapya, jumla na tofauti ya kila noti mbili. Zile tofauti ndizo ule mngurumo wa chini usio na noti. Kwa hiyo piga noti mbili tu, mzizi na ya tano, au gawa kodi: traki moja, noti moja, kila moja na distosheni yake. Inachosha, lakini utasikia tofauti dakika ileile.

Pili, kata chini ya Hz 120 KABLA ya distosheni. Wengi wanakata baada. Besi ikishaingia inaikaba distosheni, inatema mate. Ukija kukata baadaye unaondoa besi, mate yanabaki. Baada ya distosheni kata upande wa juu, kuanzia kHz 6, kwenye traki tatu kati ya nne. Moja tu iachiwe makali. Maneno yatapata pa kupita.

Tatu, geti (kifaa kinachonyamazisha sauti ndogo) iwe kabla ya distosheni. Umeme wetu ni Hz 50, na gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za koili moja linaunasa. Distosheni ikipandisha sauti desibeli 40, na mvumo nao umepanda 40, ukiwa na watoto wake wa Hz 100, 150 na kuendelea. Geti ikikaa mwisho wa mnyororo haitofautishi tena mvumo na noti.

Sasa kwa nini kelele zao ziko wazi: Trent Reznor, kiongozi wa Nine Inch Nails, aliingiza magitaa kwenye kifaa cha madoido cha Zoom 9030 badala ya kutegemea spika kubwa chumbani, kisha akayachezea kwenye kompyuta, pamoja na programu ya Turbosynth. Gitaa lisilo na mwangwi wa chumba ni jembamba, unalikata kama kitambaa. Halafu Alan Moulder akamiksi. Ni kelele iliyopimwa kwa rula, ingawa masikioni ni ghasia.

Kwa ngoma: nakili basi nzima ya ngoma (traki inayokusanya ngoma zote), ile nakala ishushe hadi biti 8 na sampuli 11,025 kwa sekunde, kata chini ya Hz 200, ilaze desibeli 10 hadi 12 chini ya ngoma safi. Usipoweka kichujio kabla ya kupunguza sampuli, kila kilicho juu ya kHz 5.5 kinajikunja na kurudi chini kama filimbi. Kwenye matoazi ni utamu. Kwenye sauti ya mwimbaji, kila "s" inakuwa firimbi ya trafiki. Na kiki (ngoma kubwa ya mguu) ikikonda ghafla, geuza polariti ya nakala (wimbi juu chini) kwanza kabla ya kugusa kingine.

Ishirini_na_Tisa:

La 2. Ni bari (vipande vya hesabu ya mdundo) tatu za 7/8 na moja ya 8/8. 7+7+7+8 = 29. Mwendo ni takriban 269 kwa robo noti, ndiyo maana metronomu inakukimbia. Fanya hivi: weka 134.5, na bari ziandike 7/16, 7/16, 7/16, 8/16. Urefu ni uleule, gridi inasomeka.

Kwa mdomo hesabu hivi: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu, mara tatu. Bari ya nne: moja-mbili mara nne. Noti moja ya 1/8 ya mwendo wa 269 ina milisekunde kama 111.5, mzunguko mzima sekunde 3.23.

Kosa la kawaida ni kubandika lupu ya 4/4 chini yake. Kwa kuwa 29 haigawanyiki kwa 8, bari ya 4/4 inakutana tena na mwanzo wa mzunguko baada ya mizunguko 8, karibu sekunde 26. Katikati yote hapo ni ajali. Dilei (kifaa cha kurudia sauti) nayo ifuate urefu wa noti hizo. Andika milisekunde kwa mkono, 223 au 446.

Na usijaribu kujaza pale muziki unapokatika ikabaki piano. Wimbo mzima unaishi kwa ile pengo.

BibiBesi:

La 3 mimi. Albamu hiyo haisimulii, inarudiarudia vitu hadi msikilizaji ashtuke. Sikiliza kipande cha piano kinachofunga wimbo wa Closer, noti zinazotambaa kwa nusu hatua. Kinarudi nyimbo nane mbele, kwenye wimbo wenye jina la albamu, safari hii kwa gitaa. Na ile kauli kwamba hakuna kinachoweza kumzuia tena iko kwenye wimbo wa Piggy, ikarudi kwenye Ruiner. Maneno yaleyale, mtu ameshabadilika.

Pia angalia mpangilio. Wimbo wa kwanza, Mr. Self Destruct, unaanza na sampuli (kipande cha sauti kilichochukuliwa kwingine) ya mtu akipigwa, kutoka filamu ya THX 1138. Wimbo wa 10, A Warm Place, hauna maneno wala kelele. Umekaa baada ya Big Man with a Gun, wimbo mfupi na mchafu kuliko yote. Ungewekwa wa 3 usingekuwa na kazi. Kwenye wimbo wa 13, ambapo mhusika anajiua, sauti ya kuongea taratibu iko mbele na ghasia imezikwa nyuma. Mwanafunzi angefanya kinyume, angepiga kelele.

Kwako: chagua noti nne au tano, ziweke kwenye nyimbo tatu tu kati ya 9, kila mara kwa chombo tofauti na kasi tofauti. Ukiziweka kwenye zote zinakuwa jingo la redio. Na jeraha lenyewe usilieleze mapema. Mtu anayejichukia hatoi ripoti, anatoa visingizio.

Giza_na_Kinanda:

Asanteni sana wakuu. Mbili za mwisho: kunong'ona na kupiga kelele kwa maiki moja? Na limita (kifaa cha kuzuia sauti isizidi kikomo) niweke ngapi?

FundiWaMawimbi:

Rekodi mara mbili, usibadilishe gaini (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) katikati ya mstari. Kunong'ona: sentimita 6 hadi 8, kichujio cha pumzi mbele, maiki imeelekea kona ya mdomo, bila geti kwa sababu inakula mwisho wa maneno. Kelele: sentimita 30, gaini shusha desibeli 15 hadi 20, vilele visizidi desibeli −10. Sauti ikishazidi kiwango na kukatika kwenye kadi ya sauti hakuna programu ya kurudisha. Ukitaka sauti iliyochanika, ichane baadaye.

Limita: moja kwa albamu yote, kikomo desibeli −1. Usiipe kila wimbo limita yake ukilinganisha ukali, maana utaupandisha wimbo wa kunong'ona hadi ulingane na wa kelele, na hapo albamu imekufa.

BibiBesi:

Naongeza: nyimbo zinazoungana, kama Mr. Self Destruct inavyomwaga kelele zake ndani ya Piggy, zitoe kama WAV au FLAC. MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni, utasikia "tik" kwenye kiungo. Kata pale wimbi la sauti linapopita sifuri.

Mwisho wa Hurt, wimbo wa mwisho wa albamu hiyo, nao usikilize kwa hedfoni. Beti zimejengwa juu ya noti B na F, umbali usiotulia. Gitaa zito linapiga neno la mwisho linapoisha, kisha inabaki mivumo tu kwa muda mrefu. Ukiweka mkia kama huo, mwishoni pale zima geti na kompresa (vifaa vya kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) zote, la sivyo zitaanza kupumua na mvumo utapanda badala ya kushuka.