Gumzo la KINA MZEE ATHMANI 🌴, Jumapili baada ya adhuhuri

*Faraj:* [Video. Imefowadiwa mara nyingi]

*Faraj:* Hivi ndivyo dikteta anavyoondoka. Sanamu la Saddam chini, Baghdad nzima barabarani 💪

*Salma:* Faraj wewe! Hiyo ndiyo kazi mwalimu aliyotupa wiki hii chuoni.

*Salma:* Alituonyesha picha mbili za mahali pamoja, siku moja. Uwanja wa Firdos, Baghdad, Jumatano 9 Aprili 2003, Wamarekani walipouteka mji. Ya kwanza imepigwa karibu: vichwa, mikono, hakuna pa kupenya. Ya pili imepigwa kwa juu na mbali: uwanja karibu wote mtupu, vifaru vimeuzunguka, na pale kati kijikundi tu. Akauliza swali moja: Baghdad ni ipi hapa?

*Faraj:* Ya pili imechezewa na kompyuta.

*Salma:* Haikuchezewa. Sanamu lilikuwa mkabala na Hoteli ya Palestine, na wanahabari wengi wa kigeni walikuwa wamepanga hapo. Yaani habari iliwafuata hadi chini ya dirisha. Na si umati ulioliangusha, Faraj. Walipiga nyundo, wakavuta kamba, likakataa. Ndipo likaja gari la Wamarekani la kukokotea vifaru, na mnyororo. Askari akapanda akalifunika uso kwa bendera ya Marekani, kisha ikatolewa haraka ikawekwa ya Iraq.

*Shangazi Amina:* Lakini watu si walifurahi? Mimi niliona wakilipiga viatu.

*Salma:* Walifurahi Shangazi, si uongo. Yule mbeba vyuma aliyeanza na nyundo alikuwa na uchungu wake wa kweli na Saddam. Miaka mingi baadaye akawaambia BBC kwamba angeweza angelirudisha.

*Salma:* Ila siku moja kabla, kifaru cha Marekani kiliipiga hoteli hiyohiyo, wakafa wapiga picha wawili, mmoja wa Reuters na mwingine Mhispania. Asubuhi hiyo ofisi ya Al Jazeera nayo ikapigwa, mwandishi wao Tareq Ayyoub akafa. Nimeuliza darasani nani ajua hilo. Mikono miwili. Sanamu? Darasa zima.

*Faraj:* Mimi natuma video mnanipa mhadhara 😂

*Ami Twalib (London):* Assalaam aleikum nyote. Nimetoka kazini sasa. Salma mwanangu, mwaka huo nilikuwa hapahapa, na tarehe 15 Februari niliandamana.

*Ami Twalib (London):* Ilikuwa Jumamosi, baridi ya kukata masikio. Tumeanza Embankment mchana, tumeingia Hyde Park jua limezama, maana barabara haikuwa na pa kuweka mguu. Polisi walisema watu 750,000, waandaaji wakasema milioni 2. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa Kizungu na chupa ya chai, anawamiminia hata asiowajua, na bango la gazeti la Daily Mirror kalitia kwapani. Roma siku hiyo walitushinda kwa wingi.

*Ami Twalib (London):* Mwezi mmoja baadaye, 18 Machi, Bunge likapiga kura. 412 wanataka vita, 149 hawataki. Robin Cook alikuwa amejiuzulu uwaziri jana yake kwa kuipinga vita.

*Faraj:* Sasa mjomba, mlitembea bure?

*Ami Twalib (London):* Hilo niulize siku nyingine. Ninalotaka Salma aandike ni hili: mabomu yalipoanza, watu waligeuka. Gereji ya mabasi niliyokuwa nikifanya kazi, wiki moja wote wanapinga, wiki ya pili "vijana wetu wako kule, tuwaunge mkono". Gazeti la The Sun, lenye kushabikia vita, kila asubuhi juu ya meza ya chai. Na leo ukienda gereji ileile, kila mwenye mvi atakuapia kuwa alikuwa Hyde Park. Hata dereva wa zamu yangu, ambaye siku hiyo alikuwa akiendesha basi lake, nami nikimwona!

*Salma:* Ami!! Hilo lina takwimu. YouGov, shirika la kura za maoni la huko Uingereza, walikuwa wakiuliza watu mwaka 2003 wenyewe, na kwa wastani 54% walisema ni sawa kwenda vitani. Mwaka 2015 wakawauliza tena: wakati ule ulikuwa upande gani? Waliokiri waliunga mkono ni 37% tu.

*Ami Twalib (London):* Basi hao waliopungua ndio wenzangu wa gereji.

*Faraj:* Walidanganywa na serikali na magazeti. Raia wa kawaida angejuaje? Unaletewa mkubwa mzima, ana kachupa mkononi, anasema Saddam ana sumu.

*Salma:* Colin Powell, Waziri wa Nje wa Marekani, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, 5 Februari 2003. Mwaka 2005 mwenyewe alisema hotuba ile ni doa kwenye jina lake.

*Faraj:* Unaona sasa.

*Salma:* Lakini "walidanganywa" inawabebea mzigo wengi. New York Times 8 Septemba 2002, ukurasa wa kwanza: Saddam ananunua mabomba ya aluminiamu ya kutengenezea nyuklia. Chanzo ni maofisa wa serikali. Asubuhi hiyohiyo Dick Cheney, makamu wa rais, yuko runingani, akiulizwa ushahidi anasema, si mmesoma New York Times leo?

*Shangazi Amina:* 😂😂 Huyo ni jirani yetu wa zamani pale Majengo. Anakunong'oneza siri ya watu, kisha akikukuta waisimulia asema, "kumbe hata watu wasema!"

*Salma:* Shangazi, hiyo naiiba. Gazeti lilikiri 26 Mei 2004, barua ya wahariri, kwamba habari zake kadhaa hazikuchunguzwa inavyopasa. Na walikuwako waliochunguza. Landay na Strobel, wanahabari wa kampuni ya magazeti ya Knight Ridder, waliandika mapema kwamba maofisa wa ujasusi wenyewe wana shaka. Ila kampuni yao haikuwa na gazeti Washington wala New York. Wakubwa hawakulikuta mezani.

*Salma:* Ndiyo maana Agosti 2003, Washington Post walipouliza, Wamarekani 69% walisema yamkini Saddam alihusika yeye mwenyewe na Septemba 11. Na vita vimeshapiganwa!

*Faraj:* Sawa, lakini hayo ni yao huko. Sisi Afrika hatukuwemo.

*Salma:* Uganda na Rwanda zilikuwa kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazounga mkono. Na ule urani wa kutengenezea bomu la nyuklia ambao Rais Bush alisema Saddam anautafuta, alisema Afrika. Niger. ElBaradei, mkuu wa shirika la nyuklia la Umoja wa Mataifa, akaliambia Baraza la Usalama 7 Machi 2003 kwamba karatasi zenyewe ni za kughushi.

*Ami Swaleh:* Hata urani wa uongo lazima utoke Afrika 😅

*Ami Swaleh:* Nimesoma tangu juu. Mmenikumbusha chumba chetu cha Kuwait.

*Salma:* Ami Swaleh, tafadhali simulia. Hujawahi kusimulia.

*Ami Swaleh:* Hakuna aliyeuliza. Nilifika Januari 2004. Ajenti alisema kazi ni bandarini hadi ghala, hapohapo Kuwait. Nilikuwa nimeendesha lori Mombasa hadi Malaba miaka 11, nikaona hiyo ni kazi ya mtoto. Siku ya tisa tukaitwa alfajiri tukapewa fulana za kuzuia risasi, moja kwa watu wawili. Tukajua safari ni ya wapi. Mwenzangu alikuwa Mhindi wa Kerala. Akiendesha yeye, avaa yeye. Nikiendesha mimi, nayavaa majasho yake.

*Ami Swaleh:* Kambini kulikuwa na runinga mbili. Kantini ya Wamarekani ilikuwa Fox, stesheni yao, mchana kutwa. Chumba cha madereva Al Jazeera, Kiarabu twakisikia nusu, lakini picha hazitaki mkalimani. Aprili ile ya vita vya mji wa Falluja, kule Iraq, kwetu ni watoto hospitalini, uwanja wa mpira unachimbwa makaburi. Navuka uani kwenda kuchukua chakula, kule ni ramani na mishale, na jenerali mstaafu anaeleza. Hatua arubaini, Salma. Nilizihesabu siku moja.

*Salma:* Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, aliwashambulia Al Jazeera kwa maneno mwezi huohuo, akasema wanapotosha.

*Ami Swaleh:* Na mwezi huohuo mama mmoja Mmarekani, akipakia mizigo uwanja wa ndege wa Kuwait, alipiga picha majeneza yamepangwa ndani ya ndege, kila moja na bendera. Ikatoka gazeti la Seattle. Akafutwa kazi. Kambini kwetu tukaambiwa mwenye kamera aikabidhi.

*Salma:* Subhanallah. Ni kweli, Seattle Times, Aprili 2004. Jeshi lilikuwa limepiga marufuku kupiga picha majeneza yakirudi tangu 1991, wakalegeza 2009.

*Shangazi Amina:* Hata mimi nimeweka marufuku yangu. Leo nisema.

*Shangazi Amina:* Julai 2004 walipotekwa Iraq wale madereva, Wakenya watatu, Wahindi watatu na Mmisri mmoja, Mama Allah amrehemu alikuwa halali. Redio yake ile imefungwa mpira, Idhaa ya Kiswahili ya BBC asubuhi na jioni, na betri zikichoka azianika juu ya bati. Alijua Swaleh yuko Kuwait ghalani. Iraq hakuijua. Nikaona akisikia "dereva" na "Mombasa" moyo utasimama. Nikatoa betri, nikasema zimekufa. Akamtuma Faraj dukani akanunue mpya.

*Shangazi Amina:* Nikamfuata Faraj mlangoni, nikamwambia pesa hizo kale peremende.

*Faraj:* KUMBE!!! Miaka yote nadhani niliziiba 😭

*Ami Swaleh:* Dada Amina, Waziri wa Ulinzi.

*Ami Twalib (London):* 😂😂 Rumsfeld wa Majengo!

*Shangazi Amina:* Twalib nawe usicheke sana. Nimo chumbani, nimefungua sanduku la Mama.

*Shangazi Amina:* [Picha]

*Salma:* Maandishi hayaonekani vizuri Shangazi, ngoja nikuze.

*Salma:* "London, 4 Mei 2003. Kwa Mama na nyote. Nawaletea pauni hamsini, mgawane... Mwambieni Swaleh asiiogope ile kazi ya Kuwait. Vita vimekwisha. Nimeona kwa macho yangu sanamu la Saddam likianguka na watu wote wakishangilia, na juzi rais wa Marekani amesimama juu ya manowari akatangaza. Wenye kuwahi ndio watakaopata. Mimi mtoto wenu Twalib."

*Faraj:* Eeeeh 😳

*Ami Swaleh:* Dada, hiyo barua ilikuwa na haja gani leo?

*Shangazi Amina:* Si wanaulizana nani alikuwa upande gani.

*Ami Swaleh:* Kaka hakunipandisha ndege. Niliipanda mwenyewe, na nilikuwa na deni la mtu.

_Ami Twalib anaandika..._

*Salma:* Ami samahani. Sikujua kama iko.

_Ami Twalib anaandika..._

*Ami Twalib (London):* Nilikuwa nimeisahau. Wallahi nilikuwa nimeisahau kabisa.

*Ami Twalib (London):* Lile andamano nalikumbuka hadi soksi nilizovaa. Barua hii, ungenionyesha bila jina ningesema si yangu.

*Ami Twalib (London):* Swaleh, lile neno "kwa macho yangu". Nilikuwa nimekaa kwenye kochi.

*Ami Swaleh:* Najua Kaka. Na mimi niliiona hapo Mwembe Tayari dukani kwa fundi redio, tumejaa nje ya kioo. Nilipiga makofi.

*Salma:* Ami Twalib, naomba ruhusa. Naweza kuiweka kwenye kazi yangu? Nifute majina?

*Ami Twalib (London):* Iweke.

*Ami Twalib (London):* La Swaleh futa. Langu liache.