Naomba ushauri: ukingo wa ziwa unamegeka mbele ya nyumba yangu

Ndugu wanajamii, salaam. Ninaishi katika mtaa wa kifahari kando ya ziwa, na kwa misimu miwili sasa mawimbi yamekuwa yakiumega ukingo wa uwanja wangu, hasa pale ukuta wa zege wa jirani unapoishia, kwa kuwa ukuta huo hauyapunguzi nguvu mawimbi bali huyarudisha, nayo hukomba udongo wa upande wangu. Juzi nilikuta mizizi ya mti wa mwisho ikining'inia wazi juu ya maji. Kwa kweli niliumia.

Nimepanga magunia ya mchanga, yakapasuka. Nikamwaga kokoto, zikasombwa. Ningependa kuacha matete yaote, kwani mizizi yake hushika udongo na kuchuja mbolea inayotiririka kutoka kwenye nyasi zetu, ambayo hulisha mwani ziwani, lakini kamati ya wakazi inataka mandhari ya ziwa ibaki wazi.

Naomba kuuliza: je, mteremko wa mawe makubwa, wenye matete sehemu chache tu, unaweza kuhimili mawimbi bila kuhamishia tatizo kwa jirani wa upande wa pili? Na kibali nianze kukiomba kwa mamlaka inayosimamia ziwa, au kwanza kwa kamati?

Natanguliza shukrani.