Naenda Wami kupiga picha ndege na viboko, lenzi ya 55-250 inatosha au nikodi kubwa?

BintiMakorora
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Niko Tanga mjini, nimeanza kupiga picha mwaka jana, zaidi ndege wa pale ufukweni Raskazone na mikokoni Sahare, sasa tumejichanga watu watano tunaenda Saadani siku mbili mwezi ujao na tumepanga kupanda boti mto Wami mpaka pale unapoingia baharini. Nina Canon 2000D na lenzi ya 55-250, basi. Kuna mtu ananiambia nisijisumbue, nikodi 150-600 Dar la sivyo narudi na vidoti. Kukodi kwangu ni hela nyingi na bado kuna kiingilio, boti na mafuta ya gari. Ninachokitaka zaidi sio simba wala tembo, nawataka ndege wa matopeni na viboko, maana kati ya hifadhi zote za taifa ni Saadani tu ambayo nchi kavu yake imegusa bahari na mto unaingia hapo hapo, huko kwingine huwezi kuyapata haya kwa pamoja. Mliofika naombeni mnieleze. Na kamera naitunzaje kwenye boti, naogopa sana maji ya chumvi.

Kwazi_Bagamoyo
Dada usikodi. Mimi huwa naenda kutokea huku Bagamoyo kupitia Makurunge, safari moja nikakodi hiyo hiyo 150-600, ni kilo mbili hivi, kwenye boti inayoyumba dakika ishirini mikono imeshakufa, halafu mdiria akitua mti wa karibu unahangaika kumtafuta ndani ya lenzi mpaka anaondoka. Hiyo 250 kwenye sensa ya kamera yako (kile kipande cha ndani kinachopokea picha, chako ni kidogo) inakupa ukaribu kama wa 400 kwenye kamera za sensa kubwa, kwa Wami inatosha sana maana ukingoni mnapita karibu.

Shata, yaani kasi ya kamera kufunga, usiishushe chini ya 1/1000 ya sekunde mkiwa kwenye boti, na ndege anayeruka weka 1/2000, ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, iache ipande yenyewe mpaka 3200. Usiogope chenga, vile vipunje vinavyotokea ISO ikipanda, picha yenye chenga inasafishika, iliyotikisika ndo imeenda hiyo.

Kitu kilichonisumbua muda mrefu ni yangeyange. Yeye mweupe pee, nyuma yake mikoko kijani cheusi, kamera inaona giza inaongeza mwanga, ndege anatoka kama kipande cha karatasi, hakuna unyoya unaoonekana. Shusha mwanga hatua moja nzima, hapo utaona mpaka yale manyoya membamba ya mgongoni yanavyopeperuka. Ukifika kwenye mashamba ya chumvi ukakuta heroe (flamingo) mambo yanageuka, kila kitu kinameta kamera inadanganyika inatia giza, hapo ongeza kidogo.

Kiboko usimfuate. Nahodha azime mashine mkiwa mbali, msubiri. Anazama hata dakika tano, halafu unaona pua kwanza, anapuliza, masikio yanazunguka haraka kurusha maji. Nusu sekunde tu hiyo, na kama jua liko nyuma yake yale matone yanawaka kama cheche. Akiachama mdomo msidhani anapiga miayo ya usingizi, anawaambia muondoke, basi ondokeni, na boti isikae kati yake na kina kirefu.

MzeeNgalawa
Marahaba mwanangu. Kijana kakueleza ya kamera vizuri, mimi nakueleza ya maji, maana mdomo wa Wami unatawaliwa na maji kujaa na kupwa, sio saa ya ukutani. Umesema mwezi ujao hujasema tarehe. Angalia mwezi angani. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, mwezi mchanga au mpevu, pwani yetu hii maji hujaa kwenye saa kumi, kumi na moja, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yamepwa kabisa. Sasa ukienda asubuhi hiyo ukachelewa, matope yako wazi lakini ndege wametawanyika mbali kabisa wanakula, boti haiwezi kuwafuata, na jua limeshakuwa kali, mvuke unapanda juu ya maji picha zote zinalegea. Bora jioni ya bamvua. Saa tisa na nusu muwe mtoni. Maji yanapanda taratibu yanawasukuma sululu na vitwitwi kutoka matopeni, wanarudi nyuma wanarudi nyuma mpaka wanabanana kwenye kipande kidogo kilichobaki, wewe umetulia tu, wanakuja wenyewe. Na mwanga ndio ule wa dhahabu. Lakini huku kwetu jua likianza kushuka halichelewi, saa kumi na mbili na nusu kumeshaingia giza, kwa hiyo muagane na nahodha mapema.

Kama mwezi ujao mvua za masika zimeshaanza ahirisheni, njia ya kule ina udongo mweusi ukilowa gari linazama hapo hapo. Na wale vitwitwi wa kutoka Ulaya na Asia huwa wako kwetu kuanzia Septemba hivi mpaka Aprili, nje ya hapo utakuta wachache.

TundaLaMkoko
Mimi naongeza moja linaniuma mpaka leo. Sio Wami, ni mikoko mingine huku huku pwani, tulikuta yangeyange wametaga mti mzima, mwenzetu akataka wakiruka wote kwa pamoja akasema tupige makofi, tukapiga, na mimi nilipiga. Wakaruka kweli, picha ikatoka nzuri. Tukiwa bado tunaangalia kwenye skrini kunguru wakashuka viotani, wakaondoka na makinda mdomoni, wazazi wanazunguka juu wanalia hawawezi kushuka kwa sababu sisi tupo chini. Ile picha niliifuta usiku ule. Dada ukiona ndege wameacha kula wote wamenyoosha shingo wanakutazama, umeshakaribia kupita kiasi, rudini nyuma kabla hawajaruka. Na kama mtapita Madete usiku mkakuta kasa amepanda kutaga, flash zima kabisa, tochi pia, mwanga unamrudisha baharini kabla hajamaliza.

BintiMakorora
Mzee wangu Mungu akuzidishie, na kaka zangu wote. TundaLaMkoko nimesoma mara mbili, nitawasomea na wenzangu kabla hatujapanda boti. Swali la kamera na chumvi bado.

Kwazi_Bagamoyo
Samahani nilisahau. Njiani kama mna AC kali usiitoe kamera mara mnaposhuka, iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto taratibu, la sivyo kioo kinajaa ukungu na ndo muda huo ndege anapita. Kwenye boti usibadilishe lenzi. Ukirudi pangusa bodi na lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, halafu kikavu. Nyumbani usiifungie kabatini, unyevu wa pwani unaotesha fangasi ndani ya kioo, mimi nimepoteza lenzi hivyo. Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakti vya kukausha vinavyokuja na viatu, vingi, na uvibadilishe.

Na tripodi iache. Shona kifuko cha kanga, tia mchele kilo mbili, kiweke ukingoni mwa boti ulaze lenzi juu yake. Mkirudi kambini mchele mnaupika.

BintiMakorora
Nimeangalia kalenda, safari yetu ilikuwa inaangukia nusu mwezi. Nimewapigia wenzangu, wanne tumekubaliana tusogeze siku sita mbele tupate mwezi mpevu, mmoja anauliza ruhusa kazini. Kanga ninayo, kesho naanza kushona.