Bunduki fupi ya upepo ya kuwindia sungura: springi, PCP au bulpapu?

MjukuuWaKibokoni
Asalaam aleikum wazee, na vijana pia. Niko hapa Mombasa likizo mpaka Idi ipite halafu narudi zangu Uingereza, kule nafanya kazi shambani upande wa Lincolnshire. Mwenye shamba kanipa ruhusa, tena kaiandika, nimpunguzie sungura na njiwa pori manake wanammaliza, njiwa wakishatua kwenye ile mimea yake ya mafuta, ile ya maua manjano, majani yote kwisha. Sasa nataka bunduki ya upepo na nataka fupi, nalala kwenye karavani na mchana kutwa ni kuingia na kutoka kwenye Land Rover, mtutu mrefu utagonga kila mlango.

Nimebaki na tatu. Kuna Weihrauch HW99S ya Mjerumani, ya springi, wakunja mtutu watia risasi moja wafunga. Kuna BSA Ultra, hii PCP, yani hewa washindilia kwanza kwenye tangi lililo chini ya mtutu, na ina magazini ya risasi 10. Halafu Kral Breaker ya Mturuki, nayo PCP lakini ni bulpapu, mitambo yote imerudishwa nyuma kwenye kitako kwa hivyo mtutu haukukatwa ila bunduki yenyewe fupi. Kwa nguvu zote sawa, kule bila cheti cha polisi mwisho ni futi-pauni 12, kama jouli 16 hivi. Bajeti pauni 600 na darubini humo humo. Nipeni akili, na msiniambie nitumie manati.

FundiBondeni
Waleikum salaam. Manati ingekutosha lakini haya.

Mimi nasema springi na sibadili. PCP ni oringi, valvu, geji, tangi, pampu, kila kimoja hicho ni mahali pa kuvuja. Uko katikati ya shamba alfajiri, sungura huyo hapo, hewa imekwisha, utapuliza na mdomo? Springi ukiikoki leo iko tayari, ukiikoki miaka kumi baadaye iko tayari, ikichoka wafungua watia springi mpya na sili mpya umemaliza. Na hiyo HW99S triga yake ni Rekord, ile ile wanayotia kwenye bunduki zao kubwa, si triga ya mchezo. Uzito kama kilo 3. Ina saiti za chuma pia, darubini ikikufia bado wapiga. Pesa inayobaki nunua darubini ya maana.

KijanaWaLikoni
Kaka nunua mbili moja ulete huku, kunguru wa Ferry wamezidi, juzi mmoja kaninyang'anya kiazi karai mkononi na huku napanda boti 😂

BabaSwaleh_Kisauni
Likoni wewe tulia, hilo ntalijibu baadaye.

Mjukuu mwanangu, mimi nimekaa Leicester muda mrefu kabla sijarudi, na haya mambo nimeyafanya. Fundi kasema kweli kuhusu springi ila kaacha lile linalowashinda wengi. Ukivuta triga ya springi, pistoni yaenda mbele kwa nguvu, kwa hivyo bunduki yaruka nyuma kwanza, halafu pistoni ikifika mwisho bunduki yasukumwa mbele, na yote hayo yatokea risasi bado imo ndani ya mtutu. Ukiibana risasi yaenda kwengine. Ukiegemeza mtutu juu ya dirisha la gari yaenda kwengine tena. Wapaswa uilaze juu ya kiganja kilichofunguka, uiache iruke inavyotaka, na ulaze pale pale kila siku. Hiyo yataka mazoezi mengi, si Jumamosi moja.

Na ile kuruka mbele ndiyo huua darubini. Darubini ya bei rahisi hujengwa kustahimili kurudi nyuma tu, ukiitia kwenye springi baada ya muda msalaba wa kulengea ulio ndani wazunguka. Ukichagua springi uliza kabisa kama darubini ni ya springi.

PCP haina hayo. Wavuta, hewa yatoka, risasi yaenda, bega halijui. Kwa mtu anayeanza na anayempiga mnyama aliye hai mimi nampa PCP, manake suala si wewe kufurahi, suala ni sungura afe pale pale. Kwa nguvu ya futi-pauni 12 wampiga kichwani, na eneo la kumuua halizidi sarafu ya shilingi 20. Weka karatasi mita 25, chora duara la sarafu hiyo, risasi zako zote zikiingia humo ukiwa umepiga magoti, si juu ya meza, bas uko tayari. Hazijaingia, sogea mpaka ziingie, na hapo zinapoingia ndo mwisho wako wa kuwinda, hata kama ni mita 18.

FundiBondeni
Mzee nimekubali ya darubini. Lakini huyu anaishi karavanini, hewa ataitoa wapi? Hilo hujajibu.

Mzamiaji_Nyali
Hewa hapo ndo kazi yangu. Mitungi ya kuzamia ya kawaida hujazwa bar 200 mpaka 232 (bar ni kipimo cha presha), ile ya wenye bunduki wengi ni bar 300 kwa sababu kila ukijaza bunduki mtungi washuka, na ukishuka chini ya kiwango cha bunduki huwezi kuijaza ikajaa tena. Kwa hivyo mtungi wa 232 kujazia bunduki ya 232 wajaza mara moja vizuri halafu zile zinazofuata ni nusu nusu. Kule Uingereza maduka mengi ya wazamiaji watakujazia, na mtungi lazima upimwe kila miaka 5, stempu ikipita hawakugusi.

Pampu ya mkono ipo, inafanana na ya baiskeli lakini usifikiri ni kazi ya baiskeli, ukifika bar 150 unaning'inia juu yake na mwili mzima. Hapa Ultra ina faida, tangi lake dogo, lajaa haraka kwa pampu. Tangi dogo lakini pia risasi chache kwa kujaza kumoja, ya sungura jioni yatosha, ya kufanya mazoezi mchana kutwa utapampu mpaka ulaani.

Na hili silisemi kwa mzaha: HEWA TU. Usije ukasikia mtu kwenye gereji akwambia ana oksijeni ya kuchomelea akujazie. Oksijeni ya presha hiyo ikikutana na tone la mafuta au grisi ndani ya bunduki yalipuka. Yaweza kukuua.

MjukuuWaKibokoni
Nashukuru mno. Pampu naiweza bado kijana. Na bulpapu mbona mwaiepuka? Ndiyo fupi kuliko zote na mtutu mrefu hewa inapata nafasi ya kusukuma, nimesoma.

BintiTudor
Bulpapu mimi nimeishika, nilipokuwa Manchester nilikuwa naenda klabu ya kulenga shabaha, kina dada tulikuwa wachache lakini tulikuwa tunawashinda. Kwanza jiulize wewe watumia mkono gani. Mimi ni shoto, na bulpapu nyingi mkono wa kukokia uko upande wa kulia karibu kabisa na shavu, kwa shoto hapo mnapigana, kila ukikoki waondoa uso wote. Ukiwa wa kulia hilo halikuhusu.

La pili darubini hukaa juu sana. Kwenye bunduki ya kawaida walaza shavu na jicho liko karibu na mtutu, kwenye bulpapu kitako ndo mitambo kwa hivyo darubini imeinuliwa, jicho lako liko sentimita sita saba juu ya mtutu. Kwa mbali si neno ukishazoea. Kwa karibu ndo balaa, ukilenga kwa mita 30 halafu panya akatokea mita 8 ghalani utampiga chini ya pale ulipoweka msalaba, sentimita kadhaa, yani mguuni badala ya kichwa. Lazima ujue hesabu hiyo kwa kichwa. Triga pia yaunganishwa na chuma kirefu mpaka nyuma, kwenye zile za bei ya kati waihisi yavutavuta kama yateleza, si safi kama ya Ultra.

Lakini usawa wake mzuri, uzito wote uko begani, mkono wa mbele hauchoki. Kwa ndani ya gari hakuna kama hiyo. Sikatazi.

BabaSwaleh_Kisauni
Dada kasema vizuri. Na hiyo ya mtutu mrefu ni kweli kwenye PCP, mtutu mrefu watumia hewa kidogo kupata nguvu ile ile, kwa hivyo wapata risasi nyingi kwa tangi. Lakini nguvu mwisho ni 12 ya sheria, haiongezi hata moja.

Likoni, jibu lako. Kenya usithubutu. Chochote chenye mtutu kinachotoa risasi ya kuua ni silaha kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, na kuingiza kitu hicho uwanja wa ndege wa Moi bila cheti na kibali si faini ya kwenda kulipa ukarudi nyumbani. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku tangu 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikafunga mlango kabisa. Kunguru ni kweli ni waharibifu tena si wa kwetu, wametoka Bara Hindi, na 2024 KWS, shirika la wanyamapori, ilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja kwa sumu ya Starlicide. Waachie hao. Wewe funika kiazi chako.

KijanaWaLikoni
Sawa mzee, naendelea na mwavuli 😂

MaalimWaMtaani
Asalaam aleikum. Mwatafuta bunduki hakuna aliyeuliza nyama italiwa vipi. Mjukuu, sungura ni halali, katika Bukhari Anas kasimulia Abu Talha alimchinja sungura akampelekea Mtume (SAW) mapaja akakubali. Njiwa hana tatizo. Tatizo ni chombo. Suratul Maida aya ya 3 imemtaja mnyama aliyekufa kwa kupigwa, na hadithi ya Adiy bin Hatim yasema kilichopiga kwa ncha kikachoma kula, kilichopiga kwa ubavu usile. Sasa hii risasi ya upepo wanazuoni wametofautiana, kuna wanaosema yapenya kwa hivyo ni kama mshale, na kuna wanaosema yaua kwa kishindo tu. Njia ya salama ni piga Bismillahi wakati wa kuvuta triga na uwe na kisu kikali kiunoni, ukimkuta bado ana uhai mchinje hapo hapo. Akiwa ameshakufa kwa risasi, muulize shekhe wako wa kule, usichukue fatwa kwangu.

MjukuuWaKibokoni
Maalim Allah akujaze kheri, hilo lilikuwa linanikereketa roho na sikujua pa kuliuliza. Mwenye shamba mwenyewe hali, asema nichukue wote.

Mimi ni wa kulia kwa hivyo bulpapu bado imo. Sasa ukubwa wa risasi, .177 au .22? Kila nikisoma wanagombana.

BabaSwaleh_Kisauni
Watagombana mpaka kiama. Nguvu ni moja, sasa wagawa vipi. Ya .177 ni nyepesi, milimita 4.5, yaenda kasi kama mita 240 kwa sekunde. Ya .22 ni milimita 5.5, karibu mara mbili kwa uzito, yaenda kama mita 175. Ya polepole yaanguka zaidi, ukikosea umbali kwa mita tano tu .22 yaanguka karibu mara mbili ya ile .177. Wanaopenda .22 wasema yabeba kishindo, tundu kubwa. Mimi nasema kichwani zote mbili zaua, na wewe bado hujui kukadiria umbali kwa jicho, chukua .177. Fundi atanipinga.

FundiBondeni
Sikupingi hapo. Kwa springi ningesema .22, inatulia zaidi, lakini naona mshamhamisha kwa PCP 😒

BintiTudor
Mimi pia .177. Na risasi chukua zenye kichwa cha mviringo, achana na zile zenye ncha kali zinazouzwa kwa picha ya ngiri kwenye kopo, haziendi sawa.

MjukuuWaKibokoni
Basi nitaenda na Ultra .177 na pampu, naacha bulpapu kwa sababu ya ghalani, panya wako wengi na ndo karibu kabisa. HW99S nitaishika tu dukani, Fundi usinune. Naweza kuiagiza kwa posta nikiwa bado hapa Mombasa nikaikuta?

BabaSwaleh_Kisauni
Haiwezekani. Tangu 2007 muuzaji lazima akukabidhi mkono kwa mkono, na uwe umetimia miaka 18, uende na kitambulisho. Ukishaipata itembeze ndani ya begi lake bila risasi, ukipita barabarani nayo bila sababu ya maana ni kosa hata kama haina kitu ndani. Na jamaa zako wakikwalika Skotilandi usiende nayo, huko tangu mwisho wa 2016 wataka cheti chake peke yake. Njiwa pori nao wapigwa chini ya leseni ya jumla kwa sababu wanaharibu mazao, isome kabla, ile karatasi ya mwenye shamba haitoshi kwa njiwa. Sungura yatosha.

Mzamiaji_Nyali
Ukijaza jaza polepole, valvu ifungue kidogo kidogo. Ukijaza haraka hewa yapata moto, geji yakwambia imejaa, ikipoa presha yashuka.

BintiTudor
Na ukifika dukani nunua makopo manne matano ya risasi tofauti, madogo, usinunue katoni. Kila mtutu una risasi unayoipenda, hata bunduki mbili za aina moja zilizotoka kiwanda kimoja hazikubaliani. Piga tano tano kwenye karatasi mita 25 na inayokusanya vizuri ndo hiyo, nunua kopo kubwa la namba hiyo hiyo.

FundiBondeni
Springi ingekula zozote.

BintiTudor
Springi ndo mbaya zaidi kwa kuchagua, Fundi, walijua hilo.